Risiti Thelathini na Mbili

Mkaguzi hakuwa na ugomvi na fedha. Fedha alizihesabu mara mbili, zikalingana na taarifa ya benki hadi senti ya mwisho. Ugomvi wake ulikuwa na namba. Risiti ya mwisho ya Alhamisi mchana ilikuwa 40817. Iliyofuata, jioni ile ile, ilikuwa 40850. Katikati hapakuwa na kitu. Alilizungushia pengo lile kalamu nyekundu, akavua miwani, akatuma mtu aniite.

"Mwanangu, risiti hizi thelathini na mbili ziko wapi?"

Nilimwamkia kwanza, kwa sababu sikuwa nimemwona tangu asubuhi, na kwa sababu nilihitaji muda. Shikamoo mama. Marahaba. Kisha nikasema kile ambacho mafundi wa kompyuta husema wakibanwa: ni mfumo.

"Mfumo," akarudia taratibu, kama hakimu anayetajiwa jina la mtuhumiwa alilokwisha kulisikia katika kesi nyingine.

Chama chetu ni cha akiba na mikopo, cha wanachama elfu chache, nami ndiye ninayetunza hifadhidata yake. Mama huyu alianza kukagua vyama vya ushirika enzi za vitabu vya risiti vya karatasi na kaboni, vile ambavyo namba zake zilichapwa kiwandani kabla keshia hajaviona. Kwake pengo kati ya namba mbili lina harufu. Anajua jinsi karani anavyochomoa risiti katikati ya kitabu, akapokea rejesho la mkopo, akazitia fedha mfukoni na nakala jikoni. Ndiyo maana katika vitabu vile risiti iliyoharibika haikutupwa. Ilipigwa mistari miwili ya mshazari, ikaandikwa IMEFUTWA, na asili yake ikabanwa kwa pini pamoja na nakala zake. Kitabu kiliruhusiwa kuwa na makosa. Hakikuruhusiwa kuwa na mashimo.

Usiku ule nilibaki ofisini nikasoma kumbukumbu za seva. Alhamisi umeme ulikatika saa tisa na dakika kumi alasiri. Betri ya akiba, ambayo nilikuwa nimeomba ibadilishwe mara mbili, ilishika kwa muda wa kukohoa tu, ikazima. Seva ilipoamka iliandika sentensi ambayo nimeisoma mara nyingi na bado hunigusa: kwamba ilikatizwa, na kwamba mara ya mwisho ilijulikana kuwa hai saa tisa na dakika sita. Risiti 40817 ilitolewa saa tisa na dakika nane.

Hifadhidata yetu ni PostgreSQL, ambayo shina lake ni mradi ulioanzishwa na Michael Stonebraker mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ndani yake mna kidude ambacho kazi yake ni moja: kila anayekiomba namba, kimpe namba ambayo hajapewa mwingine. Kidude hicho kingeweza kuandika kwenye diski kila namba kinayotoa, ili hata umeme ukikatika kikumbuke kilipofikia. Lakini kuandika kwenye diski ni kazi ya gharama, na namba huombwa mara nyingi kwa siku. Kwa hiyo hufanya kama muuza duka anayekwenda stoo. Hachukui sabuni moja moja na kusaini kila moja. Hubeba katoni nzima, husaini mara moja kwamba katoni imetoka, kisha huuza dukani kipande kimoja kimoja bila kurudi stoo. Katoni ya kidude chetu ina vipande 32. Kilipotoa 40817 kiliandika kwenye diski kwamba kimekwisha kufika 40849, kisha kikakaa kungoja wateja. Umeme ukakatika. Kilipoamka kilisoma kitabu cha stoo, kikaona katoni imetoka yote, kikaanza na 40850.

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto, kutoka 40818 hadi 40849. Thelathini na mbili kamili. Nikacheka peke yangu usiku ule, kwa furaha ya mtu aliyeona mshukiwa wake ana ushahidi kwamba siku ya wizi alikuwa safarini. Risiti zile hazikuibwa. Hazikuwahi kuzaliwa.

Na umeme si njia pekee ya namba kupotea. Keshia akianza kuandika rejesho, kidude kikampa namba, kisha ikagundulika kwamba mwanachama amekosewa na muamala wote ukarudishwa nyuma, fedha hurudi, salio hurudi, kila kitu hurudi kilipokuwa isipokuwa namba. Imetoka, imetoka. Aliyewahi kukaa kwenye ukumbi wa benki analijua jambo hili. Unabonyeza mashine mlangoni, inakupa kikaratasi chenye namba 57. Unaangalia kiti, unaangalia saa, unakumbuka umeacha mtoto kwa jirani, unaondoka. Hakuna anayekukimbilia barabarani akunyang'anye kikaratasi ili ampe mwingine. Ubaoni huitwa 56, huitwa 57 mara mbili kwa hewa tupu, huitwa 58. Na 58 hakuchelewa kwa kukungoja wewe.

Sisi mafundi tunakiita kidude hiki sikwensi. Anayependa Kiswahili safi atasema mfuatano, na nadhani humo ndimo mkanganyiko ulimojificha. Ukisikia mfuatano unawaza shanga kwenye uzi, moja ikigusana na nyingine. Lakini Kiswahili chenyewe hakidai hivyo. Anayekufuata njiani si lazima akukanyage kisigino. Anaweza kuwa nyuma yako hatua mia na bado akawa anakufuata. Kidude kiliahidi kwamba namba hazitafanana. Hayo mengine, kwamba zitagusana, kwamba kuzihesabu ni kuhesabu risiti, tuliyasoma sisi mahali ambapo hayakuandikwa.

Kila hifadhidata ina desturi yake katika hili. Ya Oracle, usipoiambia vinginevyo, hubeba katoni ya namba 20. Ile ya Microsoft, tangu toleo la mwaka 2012, ikizimwa ghafla inaweza kuruka namba 1,000 kwa mpigo, na wahasibu wengi duniani wamekosa usingizi kwa ajili hiyo. Ambayo ingenikosesha usingizi mimi ni desturi ya zamani ya MySQL. Kabla ya toleo la 8.0 lililotoka mwaka 2018, hesabu yake ilikaa kichwani tu. Ikizimwa na kuwashwa, ilitazama namba kubwa iliyomo kwenye jedwali na kuanzia hapo. Ukifuta mstari wa mwisho, ukazima na kuwasha, anayekuja baadaye hupewa namba ya aliyefutwa. Hapo hutaona pengo. Kitabu kitaonekana kimekamilika na kinanukia uaminifu, na ndani yake watu wawili wanatumia namba moja kwa zamu. Jina la babu hurithiwa. Namba ya babu hairithiwi.

Tena namba zinazogusana husema mambo ambayo mwenyewe hakukusudia kuyasema. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza na Wamarekani walitaka kujua Ujerumani inaunda vifaru vingapi kwa mwezi. Majasusi walileta makadirio yao. Kando yao, wataalamu wa takwimu walikusanya namba zilizogongwa kwenye vipuri vya vifaru vilivyotekwa, na kwa kuwa Wajerumani walizigonga kwa utaratibu mzuri, namba chache tu zilitosha kukisia jumla. Kwa mwezi Agosti 1942 majasusi walisema vifaru 1,550. Wataalamu wa namba walisema 327. Vita vilipokwisha na madaftari ya Wajerumani yakafunguliwa, yalionyesha 342. Mwanachama wetu yeyote mwenye risiti ya asubuhi na ya jioni angeweza kufanya hesabu hiyo hiyo juu yetu. Mapengo hutupa pazia kidogo. Sikumwambia mkaguzi hili. Mkaguzi hapendi kusikia habari za pazia.

Yale ya katoni na stoo pia sikumwambia, na hilo ndilo kosa langu. Asubuhi yake nilikuwa na maelezo kamili, yenye saa na dakika, na badala ya kuyatoa nilitaka kumpendeza. Nilimwambia: mama, nitarekebisha, hazitakosekana tena. Akasema vizuri. Nikaenda kukiondoa kidude kile kwenye risiti na kuweka mahali pake jedwali lenye mstari mmoja tu, wenye namba moja tu: risiti ya mwisho iliyotolewa. Kila keshia anayetoa risiti anaushika mstari ule, anaufunga kufuli, anaongeza moja, anamaliza muamala wake wote, ndipo anaufungua. Akishindwa njiani, na nyongeza yake inarudi nyuma pamoja naye. Hakuna namba inayoponyoka. Kwa wiki mbili risiti zilisimama kama gwaride la Siku ya Uhuru.

Kisha ukafika mwisho wa mwezi. Mishahara imeingia, madirisha matano yamefunguliwa, na nje watu wamejipanga hadi kwenye mwembe, huku wengine wakilipa kwa simu wakiwa makwao, kila mmoja akitaka risiti yake. Saa nne asubuhi skrini ziliganda. Hazikuzima, ziliganda, kile kiduara kikizunguka. Keshia wa dirisha la tatu alinipigia: "Kaka, mashine yako leo inafikiria sana."

Fundi akisikia hifadhidata imekuwa nzito, jicho lake huenda kwenye swali kubwa kuliko yote. Letu lilikuwa ripoti ya mikopo kwa kijiji, ambayo meneja huiomba kila mwisho wa mwezi, na ambayo siku ile ilichukua zaidi ya dakika nne. Nikaishika hiyo.

Ajabu ya hifadhidata za aina hii ni kwamba unasema unachotaka, husemi njia ya kukifikia. Zamani haikuwa hivyo. Mwandishi wa programu alilazimika kujua kumbukumbu zimefungwaje, aanze na ipi, afuate kamba ipi ili aifikie nyingine. Charles Bachman, mmoja wa waasisi wa mtindo huo, alipopewa Tuzo ya Turing mwaka 1973 alitoa mhadhara akimfananisha mwandishi wa programu na mwongoza chombo. Kwa Kiswahili neno tunalo: rubani, kwa ile maana yake ya zamani ya pwani, yule anayejua mwamba uko wapi na mkondo unaingilia upande gani. Aliyempinga ni Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, California. Mwaka 1970 Codd alichapisha makala akisema kwamba data zipangwe katika majedwali na mtumiaji asibebeshwe mzigo wa kujua njia. Na Codd wakati wa vita alikuwa rubani kweli, wa ndege, katika jeshi la anga la Uingereza. Nimelifikiria hili mara nyingi: aliyewahi kushika usukani mwenyewe ndiye aliyetaka sisi tuwe abiria.

Basi sisi ni abiria, na njia huchaguliwa na mpangaji aliye ndani ya mashine. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wa IBM walieleza jinsi mpangaji anavyoweza kulinganisha gharama za njia mbalimbali na kuchukua iliyo nafuu. Wapangaji wa leo bado wanafuata nyayo zile. Mpangaji huyu hatazami data zote kabla ya kuamua, kwa maana kutazama zote ndiyo safari yenyewe. Huonja. Kama mpishi wa shughuli asiyekunywa sufuria nzima ili ajue chumvi, PostgreSQL huchota mistari 30,000 hivi kutoka jedwali kubwa, ikaandika kando kwamba wilaya hii imo nusu, kijiji kile kimo sehemu moja ya kumi. Ukiuliza swali, inategemea maandishi yale. Ikiona utapata mistari michache huchukua faharasa, kama msomaji anayetafuta ukurasa mmoja. Ikiona mingi husoma kitabu kizima tangu jalada, na mara nyingi hilo ndilo jambo la busara, ingawa wanaojifunza kazi hii hulia wakiliona.

Kuna amri ya kuitaka mashine ieleze njia iliyochagua, na kando ya kila hatua iandike ilitarajia nini na ilikuta nini. Nikaitoa. Ripoti ya meneja ilichuja kwa wilaya, kata na kijiji. Nusu ya kumbukumbu zetu ni za wilaya ile, moja ya tano ni za kata ile, moja ya kumi ni za kijiji kile. Mwanakijiji yeyote angekuambia kwamba jibu ni moja ya kumi, maana ukishataja kijiji umeshataja kata na wilaya yake. Mpangaji hajui hayo. Alizidisha nusu kwa moja ya tano kwa moja ya kumi, akapata moja ya mia. Kwake mtu anaweza kukaa kijiji cha Kilimanjaro, kata ya Dar es Salaam na wilaya ya Lindi kwa wakati mmoja. Akadhani anakwenda kukuta watu wachache, akachagua njia ya wachache, ya kugonga mlango mmoja mmoja na kurudi, akakuta umati mara kumi ya alioutazamia. Njia ilikuwa ya busara. Kijiji ndicho kilichokuwa kingine.

Tangu toleo la 10, la mwaka 2017, unaweza kumwambia mpangaji kwamba safu hizi zinategemeana. Nikamwambia, nikamfanya aonje upya. Ripoti ikashuka hadi sekunde sita. Nikasimama, nikajinyoosha, nikaenda dirishani kupokea pongezi.

Foleni ilikuwa imefika barabarani.

Nakiri kwamba hapo nilikasirika, na hasira ya fundi haina faida kwa mtu. Nililitoa swali la keshia, lile la kuandika rejesho, nikaliendesha kwenye nakala ya hifadhidata iliyoko kompyuta nyingine. Halikufika hata sekunde, lilikwisha kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Faharasa sahihi, makadirio sahihi, njia sahihi. Nikarudi kwenye seva yenyewe nikaangalia prosesa. Ilikuwa imelala. Diski imelala. Madirisha matano yameganda, watu nje wamevimba, na mashine yote imepumzika kama mlinzi baada ya chakula cha mchana.

Hili nilipaswa kulielewa mapema zaidi. Kuna uzito wa aina mbili, na jina moja la uzito linatudanganya. Swali linalofanya kazi nyingi huipasha mashine moto. Swali linalosubiri huiacha baridi. La kwanza utaliona kwenye mpango wa njia. La pili hutaliona humo kamwe, kwa kuwa njia haina tatizo, tatizo ni kwamba kuna mtu amesimama mlangoni. Kulitafuta la pili lazima uache kuuliza linafanya nini, uulize linamngoja nani.

Nikafungua orodha ya waliomo. Miunganisho kumi na minne ilikuwa inasubiri kufuli, na yote ilisubiri kufuli la mstari mmoja, wa jedwali lenye mstari mmoja. Mstari wangu. Aliyeushika alikuwa amekwisha kuongeza namba, amekwisha kuandika rejesho, na alikuwa anafanya jambo la mwisho kabla ya kukamilisha muamala: kumtumia mwanachama ujumbe wa simu, na kungoja mtandao wa simu ujibu kwamba umefika. Sekunde nne. Akimaliza yeye anaingia wa pili, naye sekunde nne. Wa kumi na nne angengoja karibu dakika moja ili apate kitu ambacho kidude cha zamani kingempa kabla hajapepesa jicho. Na kwa kuwa watu hawakuacha kuja, wa kumi na nne hakubaki wa kumi na nne.

Nilikaa kitini nikaitazama orodha ile kwa muda. Kidude nilichokiondoa kilikuwa kinaacha mashimo kwa sababu hakikutaka mtu amngoje mwenzake. Ukimpa wa pili 40818 kabla hujajua kama wa kwanza atafanikiwa na 40817, umekubali kwamba siku moja 40817 itakosa mwenyewe. Ukitaka isikose, lazima wa pili angoje. Nilikuwa nimeziba mashimo kwa kutumia muda wa watu waliosimama juani, na sikumuuliza hata mmoja wao kama anaafiki.

Siku ile nilichofanya ni kuutoa ujumbe wa simu nje ya muamala, ukatumwa baadaye na kazi nyingine ya pembeni. Sekunde nne zikawa chembe, foleni ikayeyuka kabla ya adhuhuri. Ningeweza kuishia hapo. Lakini mstari ule ulibaki kuwa mlango mmoja wa nyumba nzima, na nilijua kwamba siku moja mtu mwingine, kwa nia njema, atatundika jambo jingine zito ndani yake. Nikaenda kumwona mama.

Safari hii nilimweleza yote. Katoni, stoo, kikaratasi cha benki, sekunde nne. Nilichora kwenye karatasi. Alinisikiliza bila kunikatiza, kalamu nyekundu mezani, kisha akauliza kwa upole ulioniumiza kuliko angenifokea:

"Mwanangu, mimi ni lini nilikuambia zisikosekane?"

Nikanyamaza.

"Nilikuuliza ziko wapi."

Aliinuka akaenda kabatini, akatoa kitabu cha risiti cha zamani, jalada lake limeliwa na mende. Akafunua hadi akafika aliyokuwa anaitafuta: mistari miwili ya mshazari, IMEFUTWA, nakala zimebanwa kwa pini yenye kutu. Pembeni, kwa mwandiko wa mtu ambaye huenda hayupo tena duniani, yaliandikwa maneno matatu: *mteja alikosea jina*. Akaniachia kitabu mkononi.

Kwa hiyo kidude cha zamani kimerudi. Namba zinaruka zinavyotaka. Lakini kila jioni mashine inachapa orodha ya namba zilizokosekana siku hiyo, na mbele ya kila moja sababu yake. Hili lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani, na sababu yake inachekesha. Muamala ukishindwa, kila kilichoandikwa ndani yake hufutika, pamoja na maelezo ya kwa nini umeshindwa. Ushahidi huungua pamoja na nyumba. Ilibidi maelezo yaandikwe nje, kwa muunganisho mwingine, na mtu ambaye hamo katika ajali. Mwenyekiti wa chama alipoisikia habari hii aliuliza kama kwa mtindo huu hatutaishiwa namba. Ni swali zuri. Hesabu yetu inaweza kufika 9,223,372,036,854,775,807. Nilimwambia kwamba hata umeme ukikatika kila dakika, na kila mara tupoteze 32, tuna miaka zaidi ya bilioni 500. Akasema betri ya akiba inunuliwe hata hivyo.

Bado haijanunuliwa. Mwezi uliofuata umeme ulikatika tena, mchana, dirisha la pili likiwa na mtu. Mkaguzi alipokuja nilimpa orodha, akaipitia kwa ncha ya kalamu hadi akalifikia pengo. Lilikuwa la namba 19.

"Mbona si thelathini na mbili?"

"Kumi na tatu zilishauzwa kwenye ile katoni, mama, kabla umeme haujakatika."

Akaifikiria kidogo, midomo ikihesabu. Kisha akavaa miwani, akapiga mistari miwili ya mshazari juu ya pengo lile, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: *umeme, 19*. Akafunua ukurasa uliofuata.